Familia ya Wamisionari na Lugha za Mpakani: Busia na Malaba

Utangulizi

Yanapotajwa matatizo ya familia ya Kikristo iliyotoka mbali na kuja kufanya kazi ya misheni katika nchi zetu, watu aghalabu hutaja malaria, maji, barabara, shule ya watoto na upweke wa mama wa nyumba. Yote hayo ni kweli. Lakini liko jambo jingine lisilotajwa sana, ilhali ndilo liamualo kama familia hiyo itakuwa jirani, au itabaki kuwa wageni hata ikikaa miaka ishirini. Jambo hilo ni lugha.

Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa kutazama mahali pamoja, yaani miji ya Busia na Malaba iliyo upande wa Kenya katika mpaka wa Kenya na Uganda. Hoja yetu ni kwamba mahali kama hapo familia haiulizwi tu kama itajifunza lugha, bali huulizwa itajifunza lugha ya nani. Jibu la swali hilo, hata likitolewa pasipo kufikiri, huichagulia familia majirani zake.

Tunaposema wamisionari hatuna maana ya Wazungu peke yao. Siku hizi huja Wamarekani, Wakorea na wengineo. Lakini pia mhubiri atokaye Nairobi au Mombasa na mkewe na watoto wake, akapangiwa kazi Amukura au Funyula, ni mmisionari kwa maana ile ile. Yeye huja na Kiswahili safi mdomoni, na kwa sababu hiyo huenda akachelewa zaidi kutambua kwamba amekuwa mgeni.

Mahali na wasemaji wake

Busia na Malaba ziko katika Kaunti ya Busia, na kila mmoja wa miji hiyo una mwenzake wa jina lile lile upande wa Uganda. Busia iko kwenye barabara itokayo Kisumu. Malaba iko kaskazini yake, kwenye barabara itokayo Eldoret na kwenye reli itokayo Mombasa, ambayo ilifika Kampala mwaka 1931. Msafiri apitaye kwa lori huona foleni ya matrela, ofisi za forodha na wabadilishaji fedha, akadhani ya kuwa ameona kila kitu. Mkazi huona mengine.

Kusini ya kaunti wako wasemaji wa lahaja za Kiluhya: Wakhayo katika sehemu za mji wa Busia, Matayos na Nambale, Wamarachi katika Butula, Wasamia katika Funyula, na Wanyala katika Budalang'i, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria. Kaskazini, katika Malaba, Amagoro, Angurai na Amukura, wako Iteso, ambao lugha yao ni ya Kiniloti na haina undugu na Kiluhya. Upande wa kusini-mashariki Wajaluo ni majirani. Juu ya hao wote wapo wafanyabiashara waliotoka kila pembe ya Kenya na Uganda, wakiwa na Kiganda, Kigikuyu, Kisomali na Kiswahili chao.

Ili tuone ugumu wa jambo hili, na tutazame mfano mdogo wa sarufi. Mtu ajuaye Kiswahili akisikia Kiluhya cha *omundu* na *abandu* hatapata taabu kubwa, kwa kuwa hayo ni *mtu* na *watu* katika vazi jingine: ngeli ni zile zile na viambishi awali vinaonana kwa mbali. Lakini akivuka kwenda kwa Iteso atasikia *itunganan* kwa mtu mmoja na *itunga* kwa wengi, wala hatapata pa kushika. Atakuta kwamba *Etesot* ni mwanamume, *Atesot* ni mwanamke, *Iteso* ni watu wenyewe kwa wingi, na *Ateso* ni lugha yao. Katika Kiteso kiambishi awali hutenga jinsia, jambo lisilo la kawaida katika lugha zetu za Kibantu. Mwendo wa saa moja humtoa mtu katika jamii moja ya lugha na kumwingiza katika jamii nyingine kabisa.

Mpaka na lugha za kanisa

Nchi hiyo haikuwa mpaka tangu awali. Hadi mwaka 1902 sehemu hizo zilihesabiwa kuwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda. Tarehe 1 Aprili ya mwaka huo jimbo hilo lilihamishiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Iteso wakajikuta wako pande mbili, na Wasamia hali kadhalika. Kanisa la Anglikana halikufuata mstari huo mara moja: sehemu ya magharibi ya Kenya iliendelea kuwa chini ya dayosisi ya Uganda hadi mwaka 1921.

Kwa hiyo Injili ilifika mpakani kutoka pande mbili. Kutoka magharibi ilikuja pamoja na Kiganda. Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa tayari tangu mwaka 1896, na katika nchi za Bukedi na Teso wahubiri wa kwanza walikuwa mara nyingi Waganda, waliofuata njia iliyofunguliwa na Semei Kakungulu na askari wake. Watu wengi walilisikia jina la Yesu kwa lugha ya watu waliokuja pia kuwatawala. Hapo ndipo wamisionari waliokaa Ngora, miongoni mwao A. L. Kitching, walipoona haja ya kukisoma Kiteso chenyewe. Kitabu chake cha kuifundisha lugha hiyo kilitoka mwaka 1915.

Kutoka upande wa mashariki walikuja wengine. Misheni ya Marafiki kutoka Marekani ilianza Kaimosi mwaka 1902. Mapadre wa Mill Hill walifika Mumias. Nao Waanglikana wakaanzisha Maseno mwaka 1906. Kila misheni ilichukua lugha ya mahali ilipoweka hema lake, ikaiandika kwa tahajia yake, na kuifanya lugha ya vitabu.

Familia za zamani zilivyojifunza

Mfano wa familia iliyotulia kwa njia ya lugha haumo Busia yenyewe bali mashariki yake kidogo, katika nchi ya Maragoli. Emory Rees na mkewe Deborah walifika Kaimosi mwaka 1904, kisha wakahamia Vihiga, wakakaa huko hadi mwaka 1926. Katika miaka hiyo Rees alifanya kazi ya kutafsiri pamoja na Joel Litu, mwenyeji wa huko. Agano Jipya la Kilogooli lilitoka mwaka 1925. Biblia nzima ilitoka mwaka 1951, robo karne baada ya akina Rees kuondoka, na Litu alikuwa miongoni mwa wale walioiendeleza kazi hiyo. Katika maelezo mengi jina la mgeni ndilo hutangulia. Lakini hakuna mgeni awezaye kutafsiri peke yake katika lugha aliyoikuta ukubwani, kila tafsiri ya namna hiyo ina mwenyeji aliyeketi mezani akisema, "Hapana, sisi hatusemi hivyo."

Gharama ya kutulia ilijulikana zamani zaidi huko Pwani. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Kabla ya mwaka kwisha Rosine na mtoto wake mchanga walikuwa wamekufa, wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf alibaki na lugha. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka mwaka 1850, na kamusi yake mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Tunaitaja habari hii kwa sababu yeyote ayatumiaye matunda ya kazi hizo yampasa akumbuke kwamba zilitoka katika nyumba za watu, wala si katika maktaba tu.

Hata hivyo hatuna budi kusema pia kwamba si kila familia iliyojifunza lugha ilijifunza kwa njia hiyo. Katika nyumba nyingi za Wazungu wakati wa ukoloni kilizuka Kiswahili kilichoitwa Kisetla, yaani Kiswahili cha walowezi. Hicho kilikuwa Kiswahili cha amri: leta, ondoa, osha, upesi. Hakikuwa na "tafadhali" wala "pole", wala njia ya kumwita mzee kwa heshima yake. Mtu aliweza kukaa nacho miaka thelathini, akapata kila alichokihitaji jikoni na bustanini, asimsikie hata siku moja mpishi wake akimweleza habari za kufiwa.

Liko na jambo la watoto. Katika familia yoyote ihamiayo mahali pageni, mtoto wa miaka minne ndiye mwanaisimu wa kwanza wa nyumba. Hana kitabu wala mwalimu. Ana wenzake wa kucheza nao. Baada ya miezi michache yeye ndiye amtafsiriaye mama yake maneno ya mwuza mboga. Lakini desturi ya misheni nyingi ilikuwa kumpeleka mtoto huyo shule ya bweni afikapo umri wa kusoma. Shule ya watoto wa wamisionari iliyoko Kijabe ilianzishwa mwaka 1906, na kwa miongo mingi imepokea watoto kutoka vituo vya mbali. Wazazi walikuwa na sababu zao, wala hatuwahukumu. Tunalosema ni kwamba familia ilipompeleka mtoto bweni, ilimpoteza kwa sehemu kubwa ya mwaka yule mmoja aliyekuwa ameanza kuwa mwenyeji.

Lugha ya nani?

Sasa turudi Busia na Malaba, tulitazame swali lenyewe. Tuseme familia imefika na imeamua kujifunza lugha ya watu. Ipi?

Wakijifunza Kikhayo, watapokewa vizuri Nambale na Matayos, wala hawatapotea kabisa Funyula wala Butula. Lakini watakapotafuta vitabu, watakuta kwamba vingi vimeandikwa katika Kiluhya sanifu, ambacho si lahaja ya mtu yeyote kwa ukamilifu. Katika miaka ya 1940 kamati ya lugha, ambamo mmisionari Appleby alikuwa mtaalamu mkuu, ilijaribu kuziunganisha lahaja za Kiluhya katika tahajia moja na msamiati mmoja, hata Biblia ya Kiluhya hicho ikapatikana katika miaka ya 1970. Waragoli, waliokuwa na vitabu vyao tayari, hawakuukubali mpango huo, nao Wabukusu vilevile. Hivyo familia yetu itasoma kanisani lugha moja na kusikia nyumbani kwa jirani lugha nyingine iliyo karibu nayo.

Wakiamua kujifunza Kiteso, mambo ni kama hayo. Kiteso cha vitabu kilijengwa juu ya usemi wa Ngora, nchini Uganda, ilhali Iteso wa Malaba na Amukura wametengwa na ndugu zao hao wa kaskazini kwa makabila mengine yaliyo katikati. Mzee wa Amukura akisomewa sura ya Biblia anaelewa, lakini anatambua kwamba asemaye si mtu wa kwao.

Na hata lugha ikishapatikana, neno lililo kuu kuliko yote halina jibu jepesi. Waganda humwita Mungu *Katonda*. Waluhya wana *Were*, na pia *Nyasaye*, jina ambalo Wajaluo nao hulitumia. Miongoni mwa Iteso kuna majina mawili ya kale, *Akuj* na *Edeke*. *Akuj* ni jina lile lile litumiwalo na Waturkana na Wakaramojong. *Edeke*, katika maelezo ya waliochunguza mila za Iteso, lilihusishwa zamani na nguvu iletayo maradhi na misiba. Jina lililoingia katika Ukristo wa Iteso ni hilo la pili. Haikosi mgeni kushangaa. Lakini mtu aliyezaliwa katika imani hiyo halioni ajabu, kwa maana neno huishi kwa matumizi yake na si kwa asili yake tu. Litakuwa kosa kubwa familia iliyofika jana kujaribu kulisahihisha jina ambalo bibi amelitaja miaka sitini akiwaombea wajukuu wake.

Uwezo wa Kiswahili na mipaka yake

Msomaji atauliza: je, Kiswahili hakitoshi? Kwa sokoni, barabarani na ofisini kinatosha, na zaidi ya kutosha. Mpaka huu umekipa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika Mashariki neno ambalo sasa linajulikana na kila mtu, nalo ni *bodaboda*. Waendesha baiskeli wa Busia walikuwa wakiwachukua abiria na mizigo yao kutoka kituo cha mpakani cha Kenya hadi kile cha Uganda, wakitangaza safari kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Neno hilo likavikwa irabu ya mwisho, likarudiwa kama tufanyavyo katika *polepole* na *mbalimbali*, na leo ni jina la pikipiki hata mahali pasipo mpaka wowote. Neno *magendo* nalo lilishika sana hapa katika miaka ya utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, wakati bidhaa zilipopita gizani, na watu vilevile, hasa baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum mwezi Februari 1977.

Lakini Kiswahili kina historia mbili hapo, moja kila upande wa mpaka. Upande wa Kenya ni lugha ya taifa. Upande wa Uganda wapo wamisionari wa zamani waliokikataa, akiwemo Askofu Alfred Tucker, aliyeona kuwa kimefungamana mno na Uislamu. Na baadaye watu wengi walikizoea kama lugha ya askari, hata mama mzee alipokisikia mlangoni usiku alitetemeka. Ni kweli kwamba marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini kumbukumbu haifutwi kwa kifungu cha sheria. Mhubiri avukaye kutoka Busia na kuanza kuwaombea wagonjwa kwa Kiswahili, ingawa nia yake ni njema, huenda akawa amevaa sare asiyoijua.

Na hata upande wa Kenya Kiswahili kina mahali kinapokoma. Mtu atauza, atanunua, atasalimu na kuaga kwa Kiswahili. Lakini mgonjwa akiulizwa uchungu wake ukoje, au ndugu wakikaa kugawa shamba la marehemu, au mama mkwe akitafutiwa mahali pa kulala ambapo si chini ya paa moja na mkwewe, lugha hurudi nyumbani. Yule ajuaye Kiswahili tu huambiwa kwa ufupi, "Tumekubaliana." Hatajua walikubaliana nini, wala nani alinyamaza.

Pa kujifunzia

Basi familia ijifunzie wapi? Hapo kuna tatizo ambalo misheni zenyewe zimejiwekea. Miongoni mwa Iteso pombe ya ulezi iitwayo *ajon* hunywewa na watu walioketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mtaalamu wa mila Ivan Karp, aliyewachunguza Iteso wa Kenya, alionyesha kwamba chungu hicho ni mahali pa ujirani: hapo ndipo watu hupatana, hutaniana na kupimana. Makanisa mengi yamekataza kunywa. Hatusemi kwamba yaache kukataza. Tunasema tu kwamba anayekataa kuketi hapo ameacha darasa, naye ni lazima atafute jingine.

Darasa hilo jingine lipo. Ni matanga. Mtu akifa, Mluhya au Etesot, watu hukusanyika siku nyingi. Wanawake hupika, wanaume huweka moto, na wasemaji husimama mmoja mmoja kueleza marehemu alivyoishi. Mgeni aketiye hapo usiku kucha, asiharakishe kuhubiri, atasikia majina ya ukoo, methali, mzaha wa watani na ukimya wa wafiwa. Siku ya pili watu watamsalimia kwa namna nyingine. Hatakuwa amesema hata sentensi tatu, lakini atakuwa amehesabiwa.

Vilevile liko jambo la majina. Mama wa nyumba akishaitwa kwa jina la mtoto wake, "Mama Fulani", naye akawaita wenzake hivyo hivyo, amepata cheo ambacho misheni haiwezi kumpa. Akijua kujibu *mulembe* kwa Waluhya, na kusema *yoga* na *eyalama* kwa Iteso, hajawa msemaji wa lugha hizo. Lakini amekiri hadharani kwamba anajua yuko kwa nani.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika Busia na Malaba hakuna lugha moja ya watu. Ziko lugha za nyumba, lugha za vitabu, lugha ya soko na lugha ya serikali, na kila moja imekuja na historia yake. Tangu mwaka 2018 vituo vya forodha vya Busia vimeunganishwa, na msafiri hukaguliwa mara moja tu. Mpaka wa lugha haukuunganishwa hivyo, wala hakuna haja.

Familia itakayofika hapo kesho, iwe imetoka ng'ambo au Nairobi, haitaweza kuzijua lugha zote. Inaweza kuchagua moja kwa makusudi, ikaeleza kwa majirani kwa nini imechagua hiyo, na kukubali kusahihishwa na watoto. Misheni nazo zingefanya vyema kuipa familia mwaka mzima wa kusikiliza kabla ya kuidai hesabu ya kazi. Mwaka huo utaonekana kama mwaka usio na matunda. Lakini ndio mwaka ambao jirani, afikiwapo na msiba usiku, atakuja kubisha hodi katika nyumba ya wageni hao, akiwa na hakika kwamba humo ndani yupo mtu atakayemwelewa.